Wagombea Thelathini na Tisa

Enzi hizo wanyama walikuwa bado wanasema, na wengi wao walisema kupita kiasi. Ukame uliingia mbuga ya Nyikavu ukakaa. Mto ulikauka mwezi wa kwanza, madimbwi mwezi wa pili, na ulipofika mwezi wa tano kilichobaki ni chemchemi moja tu chini ya jabali. Chemchemi hiyo ilikuwa mali ya Simba.

Simba alikuwa ametawala Nyikavu tangu hakuna anayekumbuka lini. Kila alfajiri alikunywa wa kwanza. Akishakunywa alioga. Akishaoga alilala humo humo majini, tumbo juu, mpaka jua lipande, ndipo raia waliporuhusiwa kusogea na kulamba tope. Ulikuwepo mkataba wa ukame, kwamba hakuna kulana mpaka mvua inyeshe, lakini mkataba haukusema lolote juu ya kuoga.

Aliyeumia kuliko wote ni Mama Digidigi. Alikuwa na mtoto wa siku tisa, na yeye mwenyewe alikuwa mdogo, miguu kama vijiti. Wanyama walipogombania tope, nyati walimsukuma, pundamilia wakamsukuma, na kila siku aliishia nyuma kabisa, mahali ambapo hata tope lilikuwa limekauka. Maziwa yalianza kumpungua. Alijua kwamba asipopata maji safi ndani ya siku chache mtoto atakufa, na alikuwa na hofu iliyomfanya asilale.

Katikati ya shida hiyo, mwaka wa uchaguzi ukafika.

Msimamizi wa uchaguzi Nyikavu alikuwa Tembo, mnyama mwenye kumbukumbu ndefu na asiyejua utani. Alikwenda chemchemini akamkuta Simba yuko ndani ya maji.

"Mtukufu," Tembo alisema, "sheria inataka wagombea wawili au zaidi. Ukisimama peke yako, sitautambua uchaguzi wako."

"Na nani atasimama na mimi?" Simba aliuliza huku akizitazama kucha zake.

"Hilo ndilo tatizo. Nimezunguka siku tatu. Hakuna anayethubutu."

Simba alifurahi kusikia hivyo, kisha akachukia. Alipenda kuogopwa, lakini alipenda pia kusikia akiitwa mtawala aliyechaguliwa na raia wake wapenzi. Akamwita Sungura, mpiga debe wake.

Sungura alisikiliza, akajikuna sikio moja, kisha la pili.

"Jambo dogo, Mtukufu. Tangaza kwamba kila atakayechukua fomu atakunywa alfajiri, kabla hujaoga. Watakuja wenyewe. Mimi nitawaapisha pembeni kwamba kura zao watakupigia wewe. Wao wanakunywa, wewe unashinda, Tembo anaridhika."

"Na wewe unapata nini?"

"Mimi nakutumikia tu," Sungura alisema. "Ila ukishashinda, nipe usimamizi wa foleni ya chemchemi. Niwe mimi ndiye ninayesema nani anywe na nani angoje."

Simba alikubali bila kufikiri, kwa kuwa kufikiri ilikuwa kazi ya Sungura.

Wa kwanza kuchukua fomu ni Fisi. Alianzisha Chama cha Mifupa kwa Wote, akala kiapo cha Sungura kabla hajaulizwa, na kesho yake alfajiri akanywa mpaka akashindwa kuondoka, ikabidi aviringishwe. Nyani alipoona tumbo la Fisi, akaanzisha Chama cha Matawi ya Juu. Ngiri akaja mbio na mkia wima, akaanzisha chama ambacho jina lake alilisahau njiani, wakamwandikia "Chama". Nungunungu akaanzisha cha kwake, akatangaza sera ya kukumbatiana, na mpaka leo hakuna aliyeijaribu. Panya Buku naye akapata chama. Hata Bi Mkubwa, mke wa kwanza wa Simba, alikuja na wake wenzake wawili, kila mmoja na chama chake.

"Na wewe, Bi Mkubwa?" Sungura aliuliza.

"Kuwinda nawinda mimi, kula anakula yeye, na maji nakunywa baada ya kuoga kwake. Niandikie fomu, mwanangu, usinichoshe."

Mwishowe Sungura mwenyewe akachukua fomu. Alimweleza Simba kwamba anafanya hivyo ili awe karibu naye alfajiri, na Simba akaguswa.

Sasa sheria ilisema kila mgombea awe na mdhamini mmoja, atakayekanyaga majivu kwenye fomu yake. Ilisema pia kwamba mgombea hawezi kumdhamini mgombea mwenzake. Hapo mwanzo wadhamini walikuwa tele. Lakini aliyemdhamini mwenzake leo, kesho alfajiri alimwona akirudi kutoka chemchemini na ndevu zinachuruzika, na siku hiyo hiyo alikuja kuchukua fomu yake mwenyewe. Wadhamini wakazidi kupungua. Siku ya tatu wale ambao hawakuwa wagombea walihesabika kwa kwato za mguu mmoja, na jioni alibaki Mama Digidigi peke yake. Kila mheshimiwa alimfuata yeye. Kila mmoja alimwambia, "Nidhamini, mama, sitakusahau," naye alikanyaga majivu mpaka kwato zake zikawa za kijivu.

Kobe pia alipata fomu siku hiyo. Yeye alikuta foleni akadhani ni ya maji, akasimama, na ilipofika zamu yake akaona haya kusema amekosea. Sungura alianza kumwapisha, lakini Kobe alisema neno la kwanza la kiapo, akapumzika, akatafuta la pili, na Sungura akaenda zake kabla halijapatikana.

Jua lilipokuwa linazama, Mama Digidigi alifika mbele ya Tembo.

"Na mimi naomba fomu, baba. Mtoto wangu ana kiu."

"Nani anakudhamini?"

Aligeuka nyuma. Walikuwa wamesimama pale, waheshimiwa watupu, thelathini na wanane, ukiongeza Simba thelathini na tisa. Hakuna hata mmoja aliyebaki mwananchi.

"Basi," Tembo alisema kwa huzuni, "wewe ndiye mpiga kura."

Kampeni zilikuwa za siku tano. Sungura alipanga ratiba, kwa sababu Tembo alitaka kuona mikutano kwa macho yake, na mgombea hahudhurii mkutano wa mpinzani. Kwa hiyo kila mkutano ulihudhuriwa na Mama Digidigi, na mtoto wake amelala miguuni. Mikutano minane kwa siku. Uwanja ulikuwa mpana, wenye magadi ambayo wanyama huja kulamba, na yeye alikaa katikati, peke yake, akihutubiwa.

"Wananchi wa Nyikavu," Fisi aliunguruma, "nawaona mlivyofurika."

"Niko peke yangu, mheshimiwa."

"Wananchi wa Nyikavu, msinikatize."

Aliahidi mifupa kwa kila kaya, na kwa wasiokula mifupa akaahidi kuwalia. Alipomaliza, Mama Digidigi alisimama.

"Mheshimiwa, mimi ndiye niliyekudhamini. Sitaki mifupa. Naomba nafasi yako ya kesho alfajiri, mara moja tu, ninywe nipate maziwa."

"Nikishinda, utakunywa mpaka upasuke."

"Mtoto hafiki mpaka ushinde."

"Basi nitakuja mazikoni," Fisi alisema kwa huruma, akameza mate.

Baada yake alikuja Nyani, aliyeahidi kuleta mto mzima.

"Kutoka wapi?" Mama Digidigi aliuliza.

"Huo ni utekelezaji, mama. Hapa tuko kwenye sera."

Naye aliombwa nafasi yake ya alfajiri, naye akasema nafasi ya mgombea ni ya kitaifa, haigawiwi ovyo. Ngiri alisema atamjibu akikumbuka jina la chama. Nungunungu alimwambia aje wakumbatiane. Siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikwisha hivyo, na jambo la ajabu likaanza kutokea kwa waheshimiwa. Walianza kusimama vizuri. Walianza kukohoa kabla ya kusema. Mtu akishahutubia, hata kwa msikilizaji mmoja, huanza kujisadiki, na hawa walikuwa wameshaanza kugawana nyadhifa vichwani mwao. Wao kwa wao waliitana "mheshimiwa" hata walipokuwa wanatafutana chawa.

Siku ya nne asubuhi Sungura alikuja kumwombea Simba kura, maana Simba mwenyewe hakuona sababu ya kutoka majini.

"Mtukufu anakusalimu," Sungura alisema.

"Mwambie namwomba nafasi moja alfajiri."

"Mtukufu hagawi nafasi. Na kwa kweli kura yako haimsumbui. Ana thelathini na nane tayari."

"Za nani?"

Sungura alitazama huku na huku, na kwa sababu alikuwa anapenda mno kusifiwa ujanja wake, akasema. "Za wagombea wote. Nimewaapisha mmoja mmoja."

Mama Digidigi alimtazama mtoto wake, ambaye siku hiyo hakuwa ameinua kichwa, na hasira ilimpanda. Lakini aliuliza kwa upole tu, "Na wewe, Bwana Sungura, una chama. Utajinyima kura yako?"

"Ah," Sungura alisema, akacheka.

Kicheko hicho Mama Digidigi alikielewa vizuri kuliko hotuba zote.

Mchana wa siku hiyo hiyo akaja Kobe, vumbi mpaka shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mkutano wangu ulikuwa lini?"

"Juzi."

"Walikuja wengi?"

"Nilikuja mimi."

"Basi ulifana," Kobe alisema, akakaa. "Nitoe hotuba?"

"Ukipenda."

Kobe alifikiri kwa muda mrefu. "Sina," alisema.

Mama Digidigi alikuwa ameshachoka kuomba. Aliomba tena kwa sababu mtoto alikuwa pale mbele yake, na kwa sauti ya mtu asiyetarajia kitu.

"Nafasi ya alfajiri?" Kobe alisema. "Ichukue. Tangu niandikishwe sijaifikia hata siku moja. Nikiwa bado njiani naambiwa Mtukufu ameshaoga. Ichukue kesho, ichukue keshokutwa, mimi umande unanitosha."

Mama Digidigi alilia.

"Usilie," Kobe alimwambia. "Unamaliza maji."

Kesho yake alfajiri alisimama chemchemini na mtoto wake mgongoni kwa Panya Buku, aliyelipwa kwa ahadi, kama ilivyokuwa desturi ya wiki ile. Sungura alikuwa na orodha. Alimwona, akafungua mdomo kumfukuza, kisha akakumbuka kwamba mbele yake amesimama mpiga kura pekee wa Nyikavu.

"Nakuruhusu mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Ukumbuke ni mimi."

Alikunywa. Alikunywa maji ambayo hayakuwa yamelaliwa na mtu, baridi, yenye ladha ya jiwe, na akamlowesha mtoto midomo. Adhuhuri maziwa yalirudi. Mtoto alinyonya mpaka akalala, akaamka akanyonya tena, na mama yake alikaa kimya kabisa asije akamsumbua.

Jioni hiyo alimtafuta Kobe, na haikuwa kazi, maana alikuwa hajafika mbali akirudi kwake.

"Mzee, keshokutwa ni kura. Ukifika, jipigie mwenyewe."

"Inafaa?"

"Kwani uliapa?"

"Sikumaliza."

"Basi jipigie. Na uanze safari sasa hivi."

"Si umesema keshokutwa?"

"Ndiyo sababu nakuambia uanze sasa hivi," Mama Digidigi alisema. Kobe akaona ana hoja, akaondoka.

Siku ya kura Tembo alipanga vibuyu thelathini na tisa nyuma ya kichaka kinene, kila kibuyu na alama ya mwenyewe, na akampa kila mnyama kokoto moja. Simba alikuja akiwa amechana nywele. Tembo akamnyooshea kokoto yake.

"Ya nini hiyo?"

"Ya kupigia kura, Mtukufu."

"Mimi ni wa kupigiwa," Simba alisema, akaenda kulala.

Wengine waliingia nyuma ya kichaka mmoja mmoja. Fisi alisimama mbele ya kibuyu cha Simba, akakumbuka kiapo chake, na akaanza kupiga hesabu. Mtukufu ana kura thelathini na saba za wenzangu, aliwaza. Hii yangu ataihisi wapi? Na mimi nikipata sifuri nitauweka wapi uso wangu? Akatia kokoto yake katika kibuyu cha Mifupa kwa Wote. Nyani aliwaza vivyo hivyo. Nungunungu aliwaza vivyo hivyo, na Ngiri, na Panya Buku, na nyati na pundamilia wote. Bi Mkubwa hakuwaza chochote. Alipita mbele ya kibuyu cha mumewe bila kusimama. Sungura, aliyewaapisha wote, ndiye aliyekuwa na hakika kuliko wote kwamba kura yake moja haitahitajika, akajipigia na kutoka akipiga mluzi.

Jua lilikuwa karibu kuzama na Tembo ameshainua mkonga kupiga baragumu ya kufunga, Kobe alipotokea kwenye nyasi. Wakamngoja. Alikwenda nyuma ya kichaka akakaa huko muda mrefu, akatoka, na moja kwa moja akaanza safari ya kurudi kwake. Mama Digidigi alipiga kura yake baada yake, ya mwisho.

Tembo akamimina vibuyu.

"Fisi, moja."

Fisi alipiga makofi, kisha akakumbuka kiapo, akajifanya anaua mbu.

"Nyani, moja. Nungunungu, moja. Ngiri, moja. Bi Mkubwa, moja."

Kufika ya kumi, masikio ya Sungura yalikuwa yameanza kulala. Kufika ya ishirini yalikuwa chini kabisa. Kila mheshimiwa aliposikia "moja" yake alijivuna, na kila aliposikia "moja" ya mwenzake alishtuka, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amedhani ni yeye peke yake aliyedanganya.

"Sungura, moja," Tembo alisema, na Simba akageuza kichwa polepole kumtazama mpiga debe wake.

"Mtukufu Simba." Tembo aliinua kibuyu, akakitikisa, akachungulia ndani kwa jicho moja. "Hamna."

"Hesabu tena."

"Mtukufu, hakuna cha kuhesabu."

Simba alisimama akanguruma. Ilikuwa ngurumo ile ile iliyowatawanya miaka yote, na miguu ya wengi ilitaka kukimbia. Lakini Panya Buku, aliyekuwa mbele kabisa, alisema kwa sauti ndogo iliyosikika na wote, "Mimi nina moja." Kisha mmoja akacheka, na wa pili, na uwanja mzima ukacheka mpaka magadi yakatimka vumbi. Simba aliwatazama wake zake.

"Usitutazame sisi," Bi Mkubwa alisema. "Sisi ni upinzani."

Simba angeweza kuvumilia kuchukiwa. Kuchekwa hakuweza. Alitia mkia katikati ya miguu, akaelekea milimani, na baadaye walipoulizana walisema yuko mapumzikoni.

"Kobe," Tembo aliendelea, asiyejali vicheko. "Moja." Akatikisa kibuyu. "Mbili."

Mshindi alipotafutwa, alikuwa ameshafika hatua ishirini akielekea nyumbani. Wakamwambia ageuke, ataapishwa chemchemini. Ngiri alijitolea kumbeba, lakini Kobe alisema miguu anayo. Akageuka, nako kugeuka kwenyewe kukachukua muda, na safari ya siku tatu ikaanza.

Siku hizo tatu Nyikavu haikuwa na mtawala. Asubuhi ya kwanza walifika chemchemini kwa woga, wakakuta maji yametulia na tope limezama chini, kwa kuwa hakuna aliyeoga. Sungura aliruka juu ya jabali.

"Kwa niaba ya mheshimiwa Kobe," alisema, "mimi ndiye msimamizi wa foleni. Ni mimi niliyeruhusu nafasi yake itumike. Nitaanza kunywa, kisha nitawaita."

"Amekutuma?" Tembo aliuliza.

"Atanituma akifika."

"Shuka," Bi Mkubwa alimwambia. "Una kura moja kama mimi. Mama mwenye mtoto atangulie, na sisi wengine tupange kama tulivyofika."

Mama Digidigi alitangulia. Mtoto wake alijaribu kunywa peke yake kwa mara ya kwanza, akaingiza pua nzima majini akapiga chafya, na nyati waliokuwa wakimsukuma mama yake walingoja. Baada ya hapo walikunywa mmoja mmoja, na jioni chemchemi ilikuwa bado na maji. Sungura alijaribu kupenya katikati. Alirudishwa nyuma. Siku ya pili alijaribu mara nne, mara ya mwisho akijifanya mgonjwa, na mara zote nne alirudishwa nyuma kabisa. Siku ya tatu bado alikuwa nyuma.

Ndipo Kobe alipofika. Baadhi walikuwa wametayarisha salamu za pongezi, na Fisi alikuwa na ombi la wizara. Tembo akasafisha koo ili amwapishe. Kobe alitazama foleni ndefu iliyozunguka jabali, akaitazama kwa subira tangu mbele hadi nyuma.

"Wa mwisho ni nani?" aliuliza.

Sungura alitazama kushoto, akatazama kulia, akitafuta uongo wa kusema. Haukupatikana.

"Mimi, mheshimiwa."

"Basi mimi niko nyuma yako," Kobe alisema, akaenda akasimama pale.